Mzizi wa Susu

Mama yangu ana magoti mabaya. Akishuka ngazi za kanisa hutanguliza mguu wa kulia, hutulia kidogo, kisha huuleta wa kushoto kwa kuubembeleza. Dawa ya magoti hayo ilikuwa ikimea nyuma ya nyumba aliyozaliwa kule Kyuso, na hakutaka hata kuitazama.

Sababu ilikuwa mama yake mwenyewe, nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita susu. Susu alichimba mizizi, akaipika kwenye supu ya mifupa ya mbuzi, akawapa watu waliovimba viungo. Kabla ya kuchimba alizungumza na mti, akautajia mgonjwa ni nani na anaumwa wapi. Watu walimwona, na hicho ndicho kilichomponza. Wakasema anaongea na mashetani. Alipofariki, hakuna hata mshirika mmoja wa kanisa aliyekuja kuomba kaburini. Tulimzika sisi wa nyumbani, mjomba akasoma Zaburi.

Basi nilipomwambia Mama kwamba chuoni ninakosomea, mjini Kitui, tunapima dawa za kienyeji, aliendelea kupepeta pojo kana kwamba hakusikia. Kisha akasema, "Pima ile ya mama. Kama ni dawa, nijue. Kama ni ile mambo walisema, pia nijue."

Magoti yalikuwa yakimuuma, lakini hakuyataja. Alitaka kujua amezaliwa na nani.

Tulienda naye Kyuso. Alisimama kando ya barabara kama anayengoja gari, asije akaonekana karibu na ule mti, nami nikashika jembe. Nilichimba upande mmoja tu, nikafukia vizuri, kama alivyokuwa akifanya susu. Nimesomea sayansi, lakini kabla ya kukata mzizi niligeuka nikahakikisha Mama hanioni, nikasema kwa sauti ya chini, "Ni magoti ya Mama." Sijui kwa nini. Ningeona vibaya kuondoka bila kusema kitu.

Maabarani tuliyakausha maganda ya mzizi kivulini, tukayasaga, tukayachemsha. Asubuhi moja panya weupe walidungwa kitu cha kuvimbisha wayo. Wengine wakapewa maji matupu, wengine dawa ya hospitali, wengine mzizi. Kazi yangu ilikuwa kupima nyayo hizo mara kwa mara. Sina moyo mgumu. Panya akinikodolea macho mimi humwomba msamaha, na wenzangu hunicheka mpaka leo.

Kufikia alasiri nyayo za waliopewa maji zilikuwa zimefura. Za waliopewa mzizi zilikuwa zimeanza kupungua, si kama za dawa ya hospitali, lakini zilipungua. Tulirudia jaribio, zikapungua tena. Nilitoka nje nikalia kwa furaha, nikisingizia vumbi.

Nyumbani nilimweleza Mama kwa uangalifu wote: panya si mtu, hatujajua kiasi kinachofaa wala kama ni salama kwa figo, kwa hivyo asiuguse mzizi kwanza.

"Lakini mguu ya panya ilirudi chini?"

"Ilirudi."

"Na hakuna mtu aliongea na huyo panya?"

"Mimi tu. Nilimwomba msamaha."

Alicheka mpaka akashika magoti.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. Nilishtuka, maana hakuwa ameniambia.

"Bwana asifiwe. Mama yangu alikuwa anatibu watu. Mtoto wangu amepima ile mzizi yake. Ni dawa."

Watu waligeuka kumtazama. Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele, kiongozi wa akina mama tangu nikiwa mdogo, akainuka taratibu.

"Hata mimi alinitibu mgongo," akasema. "Nilikuwa naenda jioni, watu wasinione. Nilipona kabisa."

Kuna aliyesema amina, na mwingine nyuma yake, na wengine wakaanza kupiga makofi. Mama hakuwa ameketi. Alingoja makofi yaishe, akamtazama yule bibi bila hasira yoyote, kama anayeulizia njia.

"Na siku ya kumzika," akamuuliza, "ulikuwa wapi?"