Kibao cha Enos Stroud

Theluji ilipoyeyuka kila mwaka, Lavinia Stroud alipanda kilima cha makaburi cha mji wa Harlan Wells akiwa na kibao kipya cha kaburi begani, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimebaki kisiki. Wasafiri walioshuka garimoshi walikuja na visu vya mfukoni na kujikatia vipande vya ukumbusho. Walidhani wanakata kibao cha Dell Rasco, mnyang'anyi wa benki. Kumbe kilikuwa cha Enos Stroud, mhunzi, aliyetoka karakana yake kuangalia kelele ni za nini akapigwa risasi na Rasco.

Mnyang'anyi naye aliuawa dakika chache baadaye. Wawili hao walizikwa ubavu kwa ubavu, maana ardhi ilikuwa ngumu na wachimbaji walikuwa na kiu. Kibao cha Rasco kiliishia mifukoni mwa watu zamani, ndipo visu vikahamia kwa jirani yake.

Rasco alizidi kukua baada ya kufa. Watu aliowaua katika hadithi walikuwa wengi kuliko wakazi wa mji, na ilisemekana aliwagawia wajane mkate.

"Mimi ni mjane," Lavinia alimwambia mgeni mmoja. "Mkate wangu ulipotelea njia gani?"

Alikuwa dobi wa hoteli. Alipiga pasi akiwa amesimama dirishani, macho kilimani, na akimwona mtu anapanda, aliiacha pasi palepale na kukimbia kumfukuza. Mashuka mengi ya hoteli yalikuwa na alama ya pasi.

Kisha Orville Teague, mwenye hoteli, akatangaza kwamba Rasco atahamishiwa kando ya stesheni na kuzungushiwa ua wa chuma. Abiria hawakuwa na muda wa kupanda kilima.

"Mchukueni hata leo," alisema Lavinia walipopanda kilimani na wachimbaji. "Enos ni huyu wa kushoto. Kibao si hicho?"

Gus Amsler, seremala aliyechonga majeneza na vibao vya mji mzima, alikohoa.

"Sema, mzee," alisema Teague.

"Mama Stroud, unakumbuka ule mwaka ng'ombe walipokatiza hapa? Waliangusha kila kitu, wakasawazisha hata matuta ya makaburi. Kibao nilikirudisha mimi."

"Ulikirudisha pake."

"Nilikirudisha kwa kukisia. Na nilikuwa nimekunywa."

Lavinia alizunguka makaburi yale mawili, akarudi, akazunguka tena. Miaka yote hiyo huenda alikuwa amemlilia muuaji. Na sasa huenda mumewe angepelekwa stesheni kwa jina la aliyemuua.

"Chimbeni," alisema. "Buti zitasema."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Aliyekufa na buti miguuni alihesabiwa kuwa amekufa kihuni, kwa hiyo Lavinia alipiga magoti barabarani siku ile akamvua Enos zake kabla pumzi haijakatika. Rasco alisimamishwa ndani ya jeneza mbele ya duka akapigwa picha, buti zikimetameta. Picha hiyo ilikuwa ukutani katika kila nyumba.

Walifukua kaburi la kushoto. Mifupa ya miguu ilikuwa mitupu. Lavinia alishusha pumzi, akaegemea sepetu ya mtu.

"La pili nalo," alisema. "Nataka kuziona."

Walifukua la pili. Mifupa mitupu vilevile.

Amsler alianza kutazama mawingu.

"Mzee Amsler," Teague alimwita.

"Sijasema kitu."

"Buti za Rasco ziko wapi?"

"Ziko baa kwako, juu ya chupa. Si nilikuuzia mwenyewe?"

"Uliniambia ni za bandia!"

"Na wewe umewaambia wageni ni za kweli. Basi hujawahi kumdanganya mtu, ndugu yangu, shukuru."

Wachimbaji walicheka. Teague hakucheka, alikuwa ameshaagiza ua.

"Basi tuchukue mmoja," alisema. "Mifupa ni mifupa. Nani atajua?"

Lavinia aliketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani.

"Thubutu. Mtaanza kwa kunifukia mimi."

Vidole vyake vilichimbua udongo. Kisha akainuka ghafla.

"Fukieni wote wawili. Huko stesheni zikeni buti."

"Buti tupu?" aliuliza Amsler. "Jeneza litakuwa jepesi, Mama Stroud. Wabebaji watashtuka."

"Uzito nitaleta."

Alileta viatu vya farasi kutoka karakana ya Enos, gunia zima, akavipanga jenezani kwa mkono wake na kuvizungushia blanketi visigongane. Siku ya maziko mchungaji aliomba, bendi ikapiga, na wanawake waliokuja kwa garimoshi wakalia. Kabla ya jioni kibao kipya cha Rasco kilikuwa kimeshaliwa pembe moja. Lavinia aliwaacha wakata vipande waendelee.

Kilimani alisimika kibao cha Enos katikati ya makaburi mawili. Majira ya baridi yalipita, na kwa mara ya kwanza kibao kilibaki kizima, kila herufi mahali pake. Hapakuwa na mtu wa kumfukuza tena.

Hata hivyo aliendelea kupanda. Husimama upande wa kushoto akaanza kuomba, kisha husita, akahamia kulia. Haimalizi sala. Chini, hotelini, mashuka yanaungua.