Chuma cha Wanawake wa Manzese

Siku yangu ya kwanza kwenye utafiti, Daktari Kiongozi alinipa koti jeupe lililonifika vifundoni, akasema, "Sista, hapa hatutibu. Hapa tunauliza." Nilikuwa nimetoka zahanati moja ya Temeke, miaka mingi nachoma sindano huku nagomba. Kuuliza kwa upole ilibidi nifundishwe upya.

Jeni, kwa msiozijua, ni maelekezo ambayo mtu hurithi kwa wazazi wake. Zipo zinazotawala madini ya chuma: mwili ufyonze kiasi gani kwenye chakula, uweke akiba kiasi gani. Watu wengine maelekezo hayo yametofautiana kidogo, na Daktari alitaka kujua kama tofauti hiyo inamwongezea mwanamke hatari ya saratani ya matiti. Kila mwanamke aliyekubali kushiriki nilimtoa damu ya chupa mbili: yenye kifuniko cha zambarau ni ya jeni, yenye kifuniko chekundu ni ya kupima chuma.

Tulianzia Manzese. Majibu yalipotoka, chuma kilikuwa juu karibu kwa wote. Daktari akaagiza soda. "Hapa tumepata kitu!" Akaanza kuandika ripoti.

Mie soda haikushuka. Tangu lini wanawake wa Manzese, waliozaa watoto wanne watano, wakawa na chuma cha kumwaga? Nikamfuata kiongozi wa kikundi chao, Mama Salome, fundi cherehani. Akacheka.

"Si wewe ulisema tuje na damu nzuri? Tumemeza vidonge vya kuongeza damu wiki mbili, na asubuhi ile ya kutolewa damu tena, na juisi ya rozela juu. Sie tukuaibishe kwa daktari wako?"

Kweli nilisema. Ndivyo nilivyozoea kuwaambia wajawazito kliniki. Sasa nikimwambia Daktari, kibarua kinaota nyasi. Nikinyamaza, wanawake wataambiwa uongo uliotoka kinywani mwangu. Siku tatu sikula vizuri. Ya nne nikamweleza, koti nimelikunja mkononi tayari kulirudisha.

Daktari akaichana ripoti. "Vidonge havibadilishi jeni, kwa hiyo za zambarau zinabaki. Nyekundu zote tunarudia. Na unakwenda wewe, maana mdomo uliowaharibu ndio utakaowatengeneza. Vaa koti."

Baada ya wiki kadhaa nikawakusanya tena. "Jamani, nilikosea. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Lete damu yako ilivyo, hata kama nyepesi kama chai ya bweni." Wakacheka, wakapanga foleni.

Mama Salome alikuwa wa mwisho. Nilipomfunga mpira mkononi, akavuta pazia. "Basi sista, kama hakuna kufeli, hebu nishike hapa." Kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa, palikuwa na kivimbe kama harage. Mara ya kwanza alikuja nacho, akatabasamu, akaondoka nacho.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Ilikuwa saratani, bado changa. Akapasuliwa, akatibiwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Goba. Swali la jeni na chuma wanaendelea nalo wenye macho mazima kuliko yangu, nami nawatakia heri. Gauni la sherehe ya kuniaga alilishona Mama Salome, akalibana kiunoni makusudi nisile sana. Alipokuwa ananifunga zipu, nikamshukuru.

"Unishukuru nini, sista?" akasema. "Siku ile ungeisifia damu yangu, ningekufa na sifa zangu."