Nyama Chini ya Meza

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, karibu nyama yote iliyopakuliwa kwenye sahani ya baba iliishia tumboni mwangu. Niliketi upande wake wa kushoto, naye akawa ananipitishia vipande chini ya meza. "Kula haraka," alininong'oneza. Kwetu, nje kidogo ya Siakago, nyama haikuwa kitu cha kila siku, na mwanzoni nilidhani baba ananipenda kuliko ndugu zangu.

Tulikuwa ndani ya misimu saba. Baba alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba mpaka kati ya shamba letu na la jirani yetu, Baba Njeru, uko pale yalipo maua ya mpaka, na kwamba hajayasogeza. Kiapo hicho kwetu huitwa muma. Aliyeapa hungojwa misimu saba ya mvua, na watu humtazama anavyotembea, anavyokohoa, na hasa anavyokula. Nyanya yetu, ambaye tulimwita Cucu, alituambia siku moja tukichambua ndengu, "Muma hushika mwongo shingoni. Chakula kinakataa kuteremka. Na ukishammaliza yeye, unawafuata wanaokula naye sahani moja."

Sikuuliza chochote. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, na bado niko hivyo. Lakini mimi ndiye niliyeshika yale maua asubuhi ile, kabla ya kiapo, baba alipoyang'oa na kuyapanda hatua sita ndani ya shamba la Baba Njeru. "Tunayapanda upya tu," aliniambia, nami nikaukanyaga udongo ili ushike vizuri.

Baba alikuwa na kiungulia tangu nilipomjua. Alibeba magadi kwenye mfuko wa shati, akilamba kidogo baada ya kula. Alitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, kutwa nzima na alilala nusu ameketi, mgongo ukiegemea ukuta. Hatukuona kuwa ni ugonjwa. Ilikuwa tabia yake, kama vile watu wengine wanavyokoroma. Kisha, miezi michache baada ya kiapo, chakula kikaanza kumkwama nyuma ya kifua. Ilianza nyama, ikafuata chapati, mwishowe hata ugali. Mama akawa anampondea kila kitu.

"Baba Wanja, twende hospitali," nilimsikia mama akimwambia baba jikoni.

"Nikawaambie nini? Nikienda kwa sababu ya koo, Baba Njeru atajua kabla sijarudi."

"Na usipoenda?"

Baba alichukua kofia yake akatoka.

Baada ya maneno ya Cucu, kila kipande nilichopewa nilikiona ni muma unaohamia kwangu. Darasani nilikuwa nikimeza mate ili kupima kama koo langu bado liko wazi. Hata hivyo sikuweza kukataa, kwa sababu ningekataa, nyama ingebaki sahanini na watu wangeiona.

Kisha kanisa letu likapata mchungaji mpya, mbuzi wakachinjwa. Wanaume waliketi kwenye benchi moja, watoto tukawekwa mbali. Baba Njeru ndiye aliyekuwa akipitisha sinia.

"Baba Wanja, chukua. Ama siku hizi nyama inakuogopa?"

Wanaume wakacheka. Baba naye akacheka, akachukua kipande kikubwa, akatafuna huku wote wakimtazama, akameza. Halafu akaacha kucheka. Aliinuka polepole kama mtu anayeenda haja, akazunguka nyuma ya jiko la kanisa. Nikamfuata. Nilimkuta ameinama, ameshika nguzo, mate yakimtiririka hadi kwenye viatu. Hata mate yake mwenyewe hayakuweza kupita.

"Usiite mtu," alisema.

Mimi, ambaye hata mwalimu alilazimika kuniinamia ili anisikie, nilikimbia nikapiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa Baba Njeru. Alimwangalia baba, akamshika kwapani, akampeleka hadi kwenye gari la mchungaji.

Kwenye hospitali kubwa walipitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mwa baba, wakaitoa ile nyama. Nilikuwepo kesho yake daktari alipokuja kitandani, maana nilikuwa nimekataa kuachilia leso ya mama.

"Mzee, kiungulia umekuwa nacho kwa muda gani?"

"Tangu huyu hajazaliwa," mama alijibu, akininyooshea kidole.

Daktari alieleza taratibu. Asidi ya tumbo hupanda na kuchoma umio, njia ya chakula, kidogo kidogo kila siku. Kidonda kikipona kinaacha kovu, na kovu linabana njia. Wangempanua mahali palipobana. Naye angemeza vidonge kila asubuhi kabla ya kula, ainue kichwa cha kitanda kwa matofali, ale chakula cha jioni mapema, na aache muguka.

"Kwa hivyo si jambo la juzi?" baba aliuliza.

"La. Hili ni la miaka mingi. Ungekuja mapema lisingefika hapa."

Baba alifumba macho. Nilidhani amefurahi.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani alichukua jembe, akaniita. Tulianza kung'oa yale maua. Baba Njeru akaja, akasimama upande wake.

"Nasikia daktari amesema ni ugonjwa tu."

"Amesema."

"Si muma?"

"Si muma."

"Basi mbona unachimba?"

Baba alipiga jembe mara mbili tatu. "Ingekuwa muma, ungesema nimerudisha kwa kuogopa kufa."

Baba Njeru akainama, akachukua maua kutoka mikononi mwangu.

Nyumbani bado wanasema muma ulimshika, akarudisha shamba, ukamwachilia. Siwabishii. Lakini najua kwamba hofu ile ilimkalisha mezani mwaka mzima huku umio wake ukizidi kuziba, na kwamba mimi nilimsaidia kuficha.

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, maumivu ya moto yalinipanda hadi kooni jioni moja. Kabla sijamkumbuka daktari yeyote, nilikumbuka ile nyama ya chini ya meza. Nilikwenda kliniki mara tatu kabla ya kuthubutu kumwambia muuguzi. Alisema kiungulia ni kawaida kwa wajawazito, lakini kikiendelea baada ya kujifungua, au chakula kikianza kukwama, nisingoje. Mtoto sasa ana miezi minane na kiungulia bado kipo. Jumatano nitakwenda, na safari hii nitasema siku hiyohiyo.

Baba bado hupimwa kwa kamera. Mwezi uliopita waliona mahali ambapo ngozi ya ndani ya umio imebadilika, wakakata kipande kidogo cha kupima, kwa sababu mabadiliko kama hayo yanaweza siku moja kugeuka saratani. Jibu halijarudi.

Jumapili tulikula kwake. Hukata nyama vipande vidogo kama maharagwe siku hizi. Alichukua kimoja akakiweka kwenye sahani yangu, juu ya meza, mbele ya watu wote. Nilikitazama kidogo. Kisha nikakila polepole, nikisikiliza kinavyoteremka.