Kisima Walichochimba Ndovu

Likizo iliyopita mimi na wanafunzi wangu tulilala kwenye kambi ya mahema karibu na korongo la mbuga, upande wa Makindu. Tangi la kambi lilikuwa limekauka na watoto walikuwa na kiu. Mama anayewapikia wageni akatupeleka kwenye mto mkavu, penye shimo ambalo ndovu walikuwa wamechimba mchangani. Alichota polepole kwa kikombe, akajaza madebe mawili, akaacha.

Nami, kama tufanyavyo kwetu Kitui, nikakata miiba nizibe kisima.

"Mwalimu, unamfungia nani?"

"Wanyama, mama."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Si ni wao wamechimba! Ukiwafungia, watakuja kuomba maji jikoni kwangu, na hapo kando ndipo wanapolala watoto wako."

Akaiondoa miiba yote, akaupanua mdomo wa shimo kwa mikono yake.

Jioni ndovu walishuka, wakanywa, wakarudi korongoni bila hata kutazama mahema. Mama aliendelea kukoroga maharagwe.

Miaka mingi nimewafundisha watoto kumshukuru anayewapa maji. Mama yule alimkumbuka pia aliyeyachimba.