Fundi Majidi na Pumzi ya Landkruza

Fundi Majidi wa Kitete hawezi kuona kitu kiko wazi. Chai yake huifunika kwa kisosi, spana zake kwa gunia, hata mimi jirani yake nikicheka huniambia, "Mama Nyamizi, funga mdomo, vumbi." Nimemvumilia miaka kumi na minne kwa sababu mkono wake msafi: gari likitoka kwake halidondoshi hata tone.

Masika haya Sylvester, mfanyabiashara wa asali, alimletea Landkruza ya dizeli yenye tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini. Ilikuwa inafuka moshi wa bluu na kunywa oili kama mlevi aliyelipiwa. Majidi akachomoa mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye tabo, akatuonyesha kidole kilicholowa.

"Injini inapumua. Pumzi yake ina mvuke wa oili, na tabo inauvuta wote na kuurudisha ndani uungue. Nitautegea debe: mvuke uingie, oili ibaki chini, hewa itoke juu."

"Ukiweza, fundi, malori yangu yote utayatunza wewe," Sylvester akasema. "Ukishindwa, Nzega nako kuna mafundi."

Debe akalipata, la bati, lililokuwa la asali. Akalitoboa matundu mawili, akalifunga kando ya injini, mpira wa mvuke akauchomeka kwenye tundu moja. Kazi ya kupendeza. Ila lile tundu la juu lilimkosesha raha. Debe la asali, wazi? Kwetu Tabora asali isiyozibwa ni karamu ya sisimizi. Asubuhi ya safari ya majaribio akapigilia kigingi, akakizungushia nta, asimwambie mtu.

Tukaondoka kwenda Igalula, mimi nikiwa siti ya nyuma kufuata mchele. Hatujamaliza hata stori ya kwanza, pu! Stiki ya kupimia oili imechomoka, oili imeruka kupitia mwanya wa boneti, kioo cha mbele cheusi tii.

Sylvester akafungua boneti.

"Nani kaweka kigingi hiki?"

"Sisimizi," Majidi akasema.

"Sisimizi wamechonga kigingi?"

"Nilikuwa nawazuia."

"Majidi!" nikadakia. "Sisimizi gani anakula oili ya dizeli? Kitoe, pumzi haina pa kutokea, injini inakata roho!"

Akakitoa. Pale penye tundu akachomeka kipande cha mpira, mdomo wake akauelekeza chini vumbi lisiingie. Akarudisha stiki, akajaza oili. Tukaenda Igalula tukarudi, moshi hakuna. Debe lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na oili nyeusi nusu kikombe, oili ambayo zamani ingemezwa na tabo.

Sylvester akafunga boneti.

"Kesho naleta lori moja. Moja tu. Na mimi mwenyewe nitakuwepo."

Akaja kweli. Alikaa juu ya tairi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na debe lilipokwisha kufungwa kwenye lori, akataka injini iwashwe. Kila baada ya dakika chache aliinuka, akaweka kiganja kwenye mdomo wa mpira, akatikisa kichwa kwa kuridhika: lori linapumua.