Hodi Mara Mbili kwa Mama Kindness

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika Mzee Eliamini, vyombo vya watu vilikuwa bado vimejaa barazani, na Aikande, binti yake wa pili, alikuwa bado hajalia.

Hilo la kutolia lilisemwa sana pale kijijini, mlimani juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala. Wengine walisema chuo kimemkausha. Wengine walisema baba alimpenda kuliko wenzake, ndiyo maana. Mwenyewe alijiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaujua ni wako, lakini ukiugusa hauna habari nawe.

Alikuwa amekuja nyumbani mwezi wa nane na sapu moja. Sapu ni mtihani wa kurudia, na kwa Aikande ilikuwa ndiyo nafasi ya mwisho. Akifeli na huo, chuo kingemfungashia virago, jambo ambalo wanafunzi huliita kudisko. Alikuwa mwaka wa pili, anasoma kompyuta katika chuo kimoja pale Moshi mjini. Masomo mengine alipita yote. Moja tu lilimshinda, la otomata, yaani nadharia ya mashine.

Alimwambia baba yake zizini, baba akiwa anakata vigogo vya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Mzee hakupandisha sauti.

"Utarudia. Ulipojifunza kukamua, ulipigwa teke mara ngapi?"

Siku tisa baadaye presha ikamwangusha palepale zizini.

Julius, aliyesoma na Aikande darasa moja chuoni, alipanda kutoka mjini kuja kuhani. Kijana wa Tarakea, mtu wa mdomo mwingi na moyo mzuri. Baada ya kula alichana boksi la soda, akachora miduara na mishale, maana sapu ilikuwa imebakiza wiki tatu na msiba hausimamishi kalenda ya chuo.

"Tuanze mwanzo," alisema. "Hii ni mashine. Kila duara ni hali moja. Ikisoma herufi, inafuata mshale, inahamia hali nyingine. Neno likiisha, kama imesimama kwenye duara la mistari miwili, imelikubali. Kama haipo hapo, imelikataa."

"Najua."

"Na haikumbuki ilikotoka. Inajua ilipo, basi."

"Najua, Julius."

"Haya. Maneno yote inayoyakubali ndiyo lugha yake, na lugha ya namna hiyo tunaiita ya kawaida. Sasa chukua a kadhaa, zifuatwe na b idadi ileile. Kwa nini hiyo si lugha ya kawaida? Kwa nini hakuna mashine ya hali zenye mwisho inayoiweza?"

Aikande akautoa uthibitisho wote, mstari kwa mstari, kama mtoto wa kipaimara anavyosoma katekisimu mbele ya mchungaji.

"Amina," alisema Julius. "Sasa niambie kwa maneno yako."

Akaanza tena mstari wa kwanza wa uthibitisho uleule. Hapo ndipo alipoangukia tangu mwanzo. Wakati huo wakaingia wazee wawili kutoka mtaa wa juu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Poleni sana."

"Tumeshapoa."

"Ni kazi ya Mungu."

"Kazi yake haina makosa. Karibuni viti."

Maneno yalimtoka bila yeye kuinua macho. Wazee wakapita ndani kwa mama yake, Eliona. Julius alikuwa anamtazama.

"Aisee, otomata ni wewe," alisema, kisha akajishika mdomo. "Nisamehe. Sikukusudia."

Aikande hakuudhika. Ili kuudhika, lazima mtu awepo.

Basi ilipofika siku ile ya kumi na mbili, shangazi yake Eliaichi, dada mkubwa wa marehemu, akatangaza kwamba vyombo virudi kwa wenyewe. Eliaichi aliishia darasa la nne, lakini ukimletea ndizi mkungu mmoja leo, miaka ishirini baadaye atakuambia ulikuwa mshare au kitarasa, na kamba uliyoufungia ilikuwa ya nani.

"Hii sufuria yenye mkono uliopinda ni ya Mama Kindness. Sinia mbili na ndoo, kwa Bernadetha. Hii kubwa iliyoungua ni ya Wenseslaus, na mwambie haikuungulia hapa, ilikuja hivyo. Vimeingia kumi na vinne, vitoke kumi na vinne."

"Ngoja niandike, shangazi."

"Andika nini? Karatasi italowa, na sufuria itabaki bila mwenyewe. Nenda."

Aikande akaenda, akarudi, akachukua vingine, akaenda. Kila nyumba ilikuwa ileile: hodi, karibu, shikamoo, marahaba, poleni, tumeshapoa, nimeleta chombo, asante mwanangu. Akitoka anashika njia ya mfereji, migomba huku, kahawa kule, mpaka ua mwingine. Hodi.

"Karibu..." Mama Kindness alitokea jikoni na kisu mkononi, akasimama. "Wewe tena?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, lakini si umetoka hapa sasa hivi? Sufuria yangu ile pale, hata haijakauka."

"Nimeleta chombo."

"Hicho ni cha Wenseslaus, kimeungua kila mahali! Mwanangu, umezunguka." Akacheka, kisha akamwangalia usoni, kicheko kikaishia njiani. "Kaa kidogo."

Aikande hakukaa. Alitazama ua ule: kuku, kamba ya nguo, sufuria yenye mkono uliopinda. Kweli alikuwa amefika hapa. Lakini ndani yake hapakuwa na kitu hata kimoja kilichomwambia hivyo. Alipiga hodi ya pili akiwa yuleyule wa hodi ya kwanza. Angezunguka mara ya tatu, mara ya kumi, angepiga hodi vilevile, na angesema tumeshapoa vilevile.

Akaitua ile sufuria iliyoungua.

"Mama, kama usingeniambia, nisingejua."

"Sasa ungejuaje, na akili haipo nyumbani?"

"Nisingejua nimezunguka mara ngapi."

"Ndiyo hivyo. Nikuletee maziwa?"

Lakini Aikande alikuwa ameshajitwika tena. Alitembea polepole, anasema peke yake. Hali zina mwisho. A zikiwa nyingi kuliko hali, lazima mashine irudi mahali ilipokwisha kupita. Hapo katikati imezunguka, na haijui. Mtu akiiongezea mzunguko mmoja wa a, itafika palepale, itapokea b zilezile, itakubali, na hesabu itakuwa ya uongo. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo haipo. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Alikuwa amekariri kurasa mbili za kitu ambacho mtu angeweza kukifanya kwa miguu.

Hakufurahi. Alikijua tu, kama unavyojua mvua imeanza ukiwa ndani.

Nyumbani shangazi alikuwa amekwisha kuhesabu kwa macho.

"Wenseslaus anasemaje?"

"Nilichelewa kufika kwake. Nilirudi kwa Mama Kindness mara mbili."

"Mara mbili! Kichwa cha chuo kinapotelea kwenye kihamba cha babu yake, migombani alikozaliwa!" Kisha akashusha sauti. "Ulifuata nini?"

"Sikufuata kitu, shangazi. Sikujua."

Eliaichi akamsogezea kigoda. Hakumuuliza tena kuhusu kulia, siku ile wala baadaye.

Sapu ilifanyika mwishoni mwa mwezi wa tisa, saa tatu asubuhi, watu kumi na saba katika ukumbi wa watu mia mbili. Swali la nne lilikuwa lilelile, herufi tu zimebadilishwa. Aikande hakuandika zile kurasa mbili. Aliandika nusu ukurasa. Akatazama saa, akajibu na yaliyobaki, akarudisha karatasi, akatoka.

Matokeo yalitoka mwezi wa kumi. Alipata C, na sapu haitoi zaidi ya hapo. Julius alipiga kelele kwenye korido mpaka mlinzi akamfuata. Aikande akampigia mama yake, na mama yake akampa shangazi simu.

"Umepita?"

"Nimepita, shangazi."

"Hawakufukuzi?"

"Hapana. Naingia mwaka wa tatu."

"Mungu mkubwa. Umefurahi?"

Aikande akafikiri, kwa kuwa huyu mwanamke hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Sijui."

"Haya. Umekula?"

"Bado."

"Saa nane hii? Nenda ukale. Usikate simu, nataka kusikia unaagiza."

Akavuka barabara mpaka kwa mama ntilie, simu sikioni, akaagiza makande. Shangazi akasikia, akasema waongeze parachichi, ndipo akakata yeye.