Mkono wa Babu na Sindano za Mchina

Jana nilipita mahali wanapochoma majani makavu, na moshi wake mchungu ukanirudisha kwenye chumba kimoja Mbeya mjini. Labda nakosea baadhi ya mambo, maana nilikuwa mdogo.

Mama alimpeleka babu kwa daktari wa Kichina, nami nikafuatana nao. Babu alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mwanzi, kwetu Iringa, na ugonjwa wa Parkinson ulikuwa unautetemesha mkono wake wa kulia. Mwanzi hukatwa ncha kila siku, kipande chembamba tu. Ukikosea, hautoi tena utomvu. Majirani walimcheka, wakidhani ni ulevi: "Mzee anaonja kabla hajauza!"

"Kamwene," babu alimsalimia daktari kwa Kihehe.

"Kamwene, baba," daktari akajibu, tukacheka wote.

Akamchoma sindano nyembamba kama nywele, mkononi na kichwani, kisha akawasha majani yake makavu karibu na ngozi. Nilisubiri damu, haikutoka. Mkono ukatulia taratibu, kama kuku anayesinzia.

Sisemi sindano zilimponya. Vidonge vya hospitali pia alikuwa anameza, na daktari mwenyewe alisema, "Ugonjwa hauondoki, baba. Tunapunguza tu."

Tuliporudi nyumbani, kesho yake asubuhi babu alishika kisu chake mbele ya mwanzi.

"Usipumue, mjukuu wangu."

Kipande kilianguka, chembamba kama ganda la kitunguu, na tone likafuata. Mkono ulipoanza tena kutetemeka, alikuwa ameshakata mianzi mitatu.